Pengo

Mihayo wa Kitete aliling'oa Jumanne,
gego la chini, kulia,
lililonikesha siku tisa hapa Isevya
nikizunguka uani kama mbuzi kwenye kigingi.
Akaniuliza, "Unalitaka?"
Nikalifunga kwenye risiti.

Saa ile, nje ya geti la hospitali,
nilipokanyaga mchanga,
hakuna tajiri aliyenizidi Tabora nzima.
Muuza michembe akanionjesha,
sikuweza kutafuna, nikamshukuru hivyo hivyo.
Sikuwa nimepewa kitu.
Nilikuwa nimeondolewa kimoja.

Mimi kazi yangu mizani.
Napima asali inayoshuka kutoka Sikonge,
natoa uzito wa ndoo, naandika kilichobaki.
Basi usiku nikajaribu:
huku maumivu ya siku tisa,
huku raha ya saa moja.
Sindano ikacheza, ikakataa kutulia.
Ile raha ilikuwa imeshayeyuka,
na maumivu nayo nayakumbuka kwa jina,
si kwa ladha.
Ndoo mbili tupu.

Ila ulimi.
Ulimi haukuambiwa kwamba yamekwisha.
Unakwenda pale pale, unapapasa shimo,
unaonja chumvi ya damu, unarudi,
na kabla sijameza mate umekwenda tena.
Nimeukanya. Nimeuhonga asali.
Umeilamba, ukaipeleka shimoni.

Wanasema binadamu hukimbia kinachouma
akafuata kitamu, kama sisimizi na sukari.
Aliyesema hivyo
meno yake yote yalikuwamo.

Nilitaka kumwambia Nyamizi hayo, tucheke.
Nikamkuta kitandani, taa kaisogeza karibu,
anakunja kisweta cha njano cha Lugusha,
mikono yake haipiti urefu wa kiganja changu.
Mwaka wa tatu sasa.
Anakikunja, anakikunjua,
anakinusa shingoni, pasipo na harufu tena
ila ya sabuni,
anakikunja upya.

Mwaka jana nilikificha, nikidhani ni dawa.
Hakulia. Alikitafuta siku nzima
kwa utulivu, kama mtu aliyesahau alipoweka chumvi
na chungu kipo jikoni.
Jioni nikakirudisha mwenyewe,
na uso wake, nilipomkabidhi...
sijui niuandike upande gani wa mizani.

Leo sikusema neno.
Nikaketi, nikashika mkono mmoja wa kisweta
ili akunje vizuri.
Ulimi ukaenda.