Dukani kwa Bi Zdenka

Miaka kumi na mmoja nimevua mbingu.
Nilirusha unyoya wangu mwekundu juu ya mawingu
yaliyolala kwenye Soča, juu ya mlima uliopinduka
na mnara wa kanisa uliosimama kwa kichwa,
na Tilen, ng'ambo ya pili, akinyoosha kidole:
"Huyo, Jerneja! Huyo hapo, mrefu kama mkono wako!"
"Wapi?"
"Hapo."
Hapo pake palikuwa bati jeupe linalowaka.

Penye miti hapana wajenzi.
Penye samaki, mimi nilikosa macho.

Jumatano, manyunyu yakichujika juu ya Tolmin,
niliingia dukani kwa Bi Zdenka
anayechonga funguo, anayeuza mbegu za figili na ndoana,
na nyuma ya kaunta ana ubao wa miwani
iliyonikodolea kama jopo la mahakimu.

"Ya kijivu ni ya baharini," alisema,
"jua la utosini, kina kirefu. Hapa kwetu
itakuzimia bonde kabla ya saa kumi.
Ya njano ni ya alfajiri na ukungu;
ikifika saa nne utaitupa mwenyewe.
Ya shaba..."
Hakumaliza. Aliipulizia pumzi,
akaifuta kwa pindo la sweta.

Mimi nilikuwa nimeshaipenda nyingine:
yuro kumi na mbili, kioo cha buluu
kinachometameta kama shingo ya tausi.
Alicheka kwa pua.
"Hiyo ni ya kutazamwa, si ya kutazamia."

Akaniomba simu, akawasha skrini,
akaiinua miwani ya buluu mbele yake
na kuizungusha polepole,
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani.
Skrini ikabaki inang'aa, haina habari.
Akachukua ya shaba. Akazungusha.
Robo ya duara, na skrini ikazimika,
giza totoro ndani ya fremu.
"Umeona? Hii inakataa nuru inayolala.
Mng'ao wa mtoni ni nuru iliyojilaza juu ya maji.
Inayosimama wima, inaipisha."

Akanivalisha mwenyewe, akapitisha kidole
kwenye shavu, kwenye nyusi, akitafuta upenyo.
"Nuru ina tabia ya mwizi, huingia kwa mlango wa uani.
Na kofia usiisahau."
Yuro tisini na nne.
Nililipa nikihesabu kuni za Novemba.

Jumamosi niliingia mtoni hadi mapajani,
nikaivaa.

Sijui niseme nini.
Uso wa mto ulibanduka.
Chini palikuwa na nchi: kokoto za kijani, za maziwa,
gogo lenye ndevu, vivuli vya mapovu
vikitembea juu ya mchanga kama sarafu zilizopotea.
Nikatazama shimo langu, lile
nililolivua miaka yote, nililolificha
hata kwa mume wa dada yangu.
Tupu.
Mawe, na soksi moja ya mtoto.

Kisha nikainamisha shingo, kwa aibu tu,
na nyuma ya buti langu la kushoto,
palipopoa mkondo kwa kukingwa na mguu wangu,
trauti wa marumaru alikuwa amesimama,
ubavu wake umechorwa mistari ya kahawia
kama kuta za nyumba iliyovuja,
akifungua mdomo, akifunga,
mpangaji asiyejua mwenye nyumba ni nani.

"Unaona?" Tilen akapaza sauti.
Sikujibu. Ningejibu, goti lingetikisika.
Fimbo ilikuwa kwapani, unyoya ukininginia hewani.
Nikaiondoa miwani: mbingu ikarudi, na mlima,
na mnara wake wa kichwa chini.
Nikaivaa: bado yupo.
Nikaiondoa tena.

Jioni, mbele ya supu, Tilen akauliza nimevua nini.
"Miwani," nikamwambia.
"Mara tatu."