Ratiba kwa Penseli

Fomu ya chuo ina visanduku kumi na viwili,
mihula minne, kozi tatu kila muhula,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
mwanafunzi ahakikishe vipindi vyake havigongani.

Vinagongana.
Uchumi wa Afya ni Jumanne saa kumi na moja jioni,
saa ileile ninapokabidhiwa funguo za wodi
na kuhesabu kwa kidole vitanda ishirini na vinne,
akina mama thelathini na tisa.

Niko mezani, Tabata. Umeme umekatika,
feni imesimama, bawa moja limenielekea
kama mtu aliyekatizwa kauli.
Nimechonga penseli kwa kisu cha vitunguu
na ninapanga shahada yangu ya uzamili
nyuma ya fomu ya kuombea dawa.
Fomu hizo tunazo tele.

Muhula wa kwanza: Takwimu.
Nikaifuta.
Hesabu iliniacha kidato cha pili,
mwalimu Mwakipesile akinitazama
kama abiria anayetazama basi likiondoka na mzigo wake.
Nikaandika Maadili badala yake.
Maadili nayajua, nikajiambia,
angalau ya mchana.

Kisha Usimamizi wa Ugavi,
na hapo penseli ikakwama.

Usiku ule wa Aprili, maji yamefunga Jangwani,
glovu zimebaki jozi sita,
na karatasi ya maombi niliyoijaza kwa mkono wangu
imelala siku kumi na saba
chini ya kikombe cha bwana mmoja aliyekwenda semina Morogoro.
Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekataa.
Tulipoikuta ilikuwa na duara la chai
juu ya jina la hospitali, limekaa vizuri
kuliko mhuri wetu.

Jozi ya saba tuliifua.
Mwanahamisi wa Kigogo, kitanda cha kumi na moja,
katikati ya uchungu akanyanyua kichwa:
Sista, mbona hizo zinadondosha maji?
Nikamwambia ni dawa.

Hilo nalo litakuwa kwenye Maadili,
sijui wiki ya ngapi.

Chaulembo, mtunza stoo, ameandika mlangoni pake
kwa kalamu nene nyekundu:
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Miaka sita nimepita pale nikicheka mwandiko wake,
hiyo *f* iliyoinama kama mgonjwa wa mgongo.
Muhtasari mzima wa kozi, bila ada,
na mimi ninakwenda kukopa saccos
mkopo wa miezi thelathini na sita,
mrefu kuliko shahada yenyewe.

Jozi sita. Siku kumi na saba. Akina mama thelathini na tisa.
Tazama nilivyousimulia usiku ule.
Nikairudisha Takwimu kwenye kisanduku chake,
nikakandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Tusajigwe ananiuliza kutoka chumbani, gizani:
Mama, na wewe umepewa homuweki?
Nimepewa.
Atasahihisha nani?

Nikajifanya sikusikia.

Uhasibu wa Hospitali, muhula wa pili.
Rasilimali Watu, wa tatu, Sekela akikubali
tubadilishane zamu za Alhamisi,
naye atakubali nikimpelekea kitenge, namjua.
Uchumi wa Afya bado unaelea pembeni
na mshale unaoelekea popote.
Utafiti, mwisho, kama Mungu akipenda na mkuu wa idara.

Jumamosi saa nane mchana pamebaki peupe.
Nikaandika: kulala.
Nikapatazama sana.
Nikaongeza alama ya kuuliza.

Umeme huo umerudi. Feni imemalizia kauli yake
na kunipeperushia mihula yote minne
mpaka chini ya kabati la vyombo.
Naivuta kwa mpini wa ufagio,
na muhula wa tatu unatoka
na ganda la kitunguu.