Komeo

Nilifika Jericho na futi ya chuma, daftari,
na maswali ishirini na mawili
yaliyopitishwa na kamati ya chuo.
La kumi na nne liliuliza:
Je, unaweza kuoga bila kusaidiwa?
Bi Drusila Kerubo akavua miwani.
"Hilo limetungwa na mtu
ambaye hajawahi kuogeshwa."

Miaka thelathini na mmoja aliogesha wengine,
wodi ya wanaume,
mabeseni mawili, moja la sabuni, moja la kusuuza,
na shuka juu ya tumbo, sikuzote shuka juu ya tumbo.
"Hata aliyezimia, binti. Hata aliyezimia ana haya zake."
Sasa nyonga yake ina skrubu tatu
na bafu lake lina futi tatu kwa nne,
sakafu ya saruji iliyolainishwa na nyayo
tangu kabla mama yangu hajaolewa.

Nikamfungulia katalogi.
Kiti kinachoshuka taratibu ndani ya hodhi, kwa betri.
Mkono wa plastiki unaomimina shampuu.
Aliangalia picha kwa adabu,
kama unavyoangalia picha za harusi ya usiowajua.
"Na hii mashine," akasema, "inajua maji yetu
huja Jumanne na Ijumaa?"

Tukaanza upya, na ndoo na kopo.
Fundi Wambua wa Kariobangi alikata tairi la lori,
akakivisha viatu kiti cha plastiki kisiteleze.
Ukuta ni wa kaunti, kuutoboa kunataka barua,
barua inataka muhuri, muhuri umekwenda likizo;
basi akasimamisha bomba la chuma, sakafu hadi dari,
akalizungushia kamba ya katani ili kiganja kilowe bila hofu.
Niliandika: usalama umeongezeka.
Niliandika kwa wino, nikijiamini.

Swali la mwisho: Ungebadilisha nini?
Hakuonyesha kiti. Hakuonyesha bomba.
Alionyesha mlango: matundu manne madogo,
na rangi ya zamani, umbo la kitu kisichokuwepo.
"Nyakundi alilitoa kwa bisibisi
siku niliyotoka hospitali.
Mwanangu ananipenda, usiandike vingine.
Lakini tangu siku ile naoga kama mwizi,
sabuni mkononi, sikio mlangoni.
Mara ya pili sikuangushwa na maji.
Niliangushwa na haraka."

Nilipekua maswali yangu yote, mbele na nyuma.
Neno komeo halikuwemo.

Wambua alicheka nilipomwagiza,
kisha akaacha kucheka,
akauliza mama mwenyewe ana miaka mingapi.
Alilichonga kwa shaba ya bomba kuukuu:
ndani, ulimi mnene ambao vidole vigumu vinauweza;
nje, mfuo mwembamba
unaozungushwa na sarafu ya shilingi kumi.
Nyakundi aliijaribu mara sita.
Kisha akaitoboa sarafu, akaifunga uzi,
akaitundika kwenye msumari, usawa wa bega lake.

Msimamizi wangu ameandika pembeni, kwa wino mwekundu:
Hiki nacho ni kifaa?
Sijamjibu.

Ijumaa. Mifereji inakohoa, maji yamefika.
Nimesimama ukumbini na saa yangu.
*Kap*, linasema komeo.
Nyakundi anatazama sarafu, anatazama kucha zake.
Kopo linateka, linamimina, linatulia.
Huko ndani anauambia mwili wake jambo kwa Ekegusii;
silielewi, wala silo langu.

Zamani alitumia dakika tisa.
Leo ishirini na sita.
Fomu yangu inasema muda ukirefuka
uwezo umepungua.
Kalamu iko juu ya karatasi,
na maji bado yanamwagika.