Dakika ya Kupoza

Nimejaza tanki mpaka pampu ikakatika yenyewe,
Kiboroloni, alfajiri, kabla ya foleni ya bodaboda.
Kijana wa pampu akainama, akachungulia tundu la boneti:
"Mama, hii ndiyo yenye tabo? Inakula?"
Inakula, baba.
Inakula kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko kwao.

Mimi ni mhasibu. Nina daftari.
Kushoto lita, kulia kilomita,
na katikati, kwa kalamu nyekundu, aibu:
saba nukta mbili. Sita nukta tisa.
Wiki ile ya mvua na tope la Kibosho, tano na nusu;
nikaufunika ukurasa kwa kiganja,
ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Subaru ya mwaka tisini na tisa, buluu iliyochujuka.
Kaaya wa Usa River, aliyeniuzia,
alikuwa akishindana nayo kwenye vumbi la Monduli.
Sasa inabeba mkungu wa ndizi, gunia la pumba
na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili.

Kushuka mjini ni karibu na bure:
gia ya nne, mguu mwepesi, kama nimekanyaga yai.
Mshale ukilala chini ya elfu mbili na nusu
tabo inasinzia,
na gari la mashindano linakuwa gari la mchungaji.
Jioni mlima unadai chake.

Na kuna siku, nakiri,
nikishaipita kona ya kanisani, barabara tupu,
naukanyaga.
Kwanza kimya, kama mtu avutaye pumzi kabla ya kujibu,
halafu mluzi,
halafu kiti kinanisukuma mgongoni
kama wifi aliyechoka kunisubiri.
Sekunde sita.
Sijui niziandike safu gani.

Fundi Mmbando alinionya tangu siku ya kwanza:
"Ukifika, usizime.
Tabo inakuwa jiko la mkaa; ukizima ghafla
oili inaungulia humo humo.
Iache ingurume dakika nzima, ipoe."

Dakika nzima isiyokwenda popote.
Lita zinashuka, kilomita sifuri.

Ndekirwa ana miaka kumi na minne.
Kutoka shuleni hadi getini:
Shule? Poa.
Umekula? Poa.
Mwalimu wa Fizikia amerudi? Poa tu.
Lakini gari likishasimama pale kwenye mgrivea,
injini ikinguruma, na mama kasema tungoje,
kuna jioni, kwenye sekunde ya arobaini hivi,
alisema akiitazama dashibodi:
"Hisabati nimepata kumi na moja."
Jioni nyingine: "Baba alipiga?"
Na nyingine, habari za msichana; jina hakutaja,
ila anakaa dawati la mbele
na huandika kwa mkono wa kushoto.

Sijibu upesi.
Nautazama mshale wa joto, nao hausemi kitu.

Nimepiga hesabu, ndiyo kazi yangu.
Dakika moja ya kunguruma ni vijiko vinne vya petroli.
Mara siku mia moja tisini na nne za shule:
vijiko mia saba sabini na sita,
lita nne kasoro kikombe kidogo cha kahawa.
Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei mpya ikitoka,
nazidisha upya.
Mwaka mzima haijawahi kufika
bei ya viatu vyake vya michezo.

Jumamosi Mmbando akaja na habari njema.
Kuna kifaa, kidogo hivi, kama kiberiti:
unachomoa ufunguo, unashuka, unakwenda zako,
injini inabaki inajipoza, kisha inajizima yenyewe.
"Hutakuwa na haja ya kukaa tena humo, dada."

Nikamwambia hapana, ni ghali mno.
Akanitazama, spana mkononi.
Bei alikuwa bado hajaitaja.