Safu ya Idadi

Fomu ya mwezi ina safu tatu: mnyama, mahali, idadi.
Chilewa hubeba kalamu, mimi hubeba panga na maji,
nasi huanza kupanda Mang'alisa
kabla jogoo wa Wotta hajawika la pili.

Chini, nchi ya Ugogo bado imelala na vumbi lake,
rangi ya ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani:
miiba, mito ya mchanga, mabua ya uwele uliokwisha vunwa.
Huku juu tunaingia ndani ya pumzi ya mtu mwingine.
Ukungu unatupangusa nyuso kama mama asiyeomba ruhusa.
Vigogo vimevaa kijani. Ndevu za miti zinadondosha matone
moja
moja,
na kila tone linajua linakokwenda.

Mbega: kumi na wawili, bondeni. Wameketi na mashali yao meupe
kama waliochelewa msibani, hawataki kuulizwa.
Hondohondo: wawili. Mabawa yanavuma
kama ungo unaopepeta mtama hewani.
Pimbi: Chilewa anasema saba, mimi nasema tisa;
tumeandika nane, Mungu atusamehe.

Kinyonga mmoja, mfupi kuliko kidole changu cha mwisho,
alivuka njia akisita kila hatua,
mdeni apitaye mbele ya duka.
Fomu haina jina lake. Tumemweka kwenye "wengineo".

Na chui?
Miaka sita napanda huku, sijamtia machoni.
Nimeona kucha zake kwenye gome la mkuyu,
kinyesi chenye manyoya ya mbega,
na leo, penye tope, unyayo
ambao maji yalikuwa bado hayajamaliza kuujaza.

Tulisimama. Hata nzi alinyamaza.
Chilewa akanong'ona: "Andika mmoja."
Nikasema fomu inataka walioonekana.
"Basi tuandike sisi," akasema. "Wawili. Tumeonekana."

Hatukucheka mpaka tulipofika kwenye mianzi.

Jioni kijito kilitutangulia kushuka.
Uani kwa Chilewa bomba lilikohoa, likatema hewa, likatema kutu,
kisha yakaja maji, baridi, yenye harufu ya majani yaliyooza,
na mke wake Nyamizi akasogeza ndoo kwa mguu
bila kuacha kuchambua mlenda.

Nikanywa kwa viganja.
Safu ya chui nimeiacha wazi.