Safu ya Mengineyo

Saa kumi na mbili kasoro robo, Mafiati.
Baridi ya Juni imeniuma vidole,
kalamu haitoi wino mpaka niihemee.
Fomu ina safu saba: lori, basi, haisi,
gari dogo, bajaji, bodaboda,
na ya mwisho, nyembamba kama ufa wa mlango:
mengineyo.

Kila kipitacho, kijiti.
Vinne vinasimama, cha tano kinalala juu yao
kama mlevi juu ya uzio.

Lusekelo anahesabu waendao Tunduma,
mimi nahesabu watokao huko:
malori ya shaba, turubai zimekazwa kamba,
yanashuka gia, yanapumua breki, tsssi,
na moshi unaingia katika ukungu
hata hujui upi ni upi.
Mhandisi Mwasandube alituasa jana:
"Msichague. Msihurumie. Jicho liwe mizani."
Nikasema sawa.
Elfu kumi na mbili kwa siku, ningesema nini?

Saa mbili unusu. Vijiti mia nne na sitini.
Ng'ombe watatu wa mnada,
mchungaji wao simu sikioni, anagombana na mkewe.
Mengineyo.
Kisha msiba: matawi mabichi kwenye bampa,
taa zinawaka mchana, magari kumi na moja.
Gari dogo, gari dogo, gari dogo,
ila lile la mbele, lililombeba mwenyewe,
kalamu ilisita hewani, likapita.
Katika jumla ya siku ile
yuko mtu amevuka bila kuandikwa.

Ndipo nikamwona aliyesimama kando,
beseni la parachichi kichwani,
goti la kushoto limefungwa kipande cha khanga.
Alinyanyua mguu, akaurudisha.
Akanyanyua, bodaboda ikamkata njia, akaurudisha.
Muuza vocha anamjua: Subilaga.
Kwao jina hilo ni tumaini.
Hapa, kwa kelele za honi,
mimi nililisikia kama subiri.

Fomu haina safu ya wanaosubiri.
Kisichosogea, kwa hesabu zetu, hakipo.
Nikageuza karatasi, nikatazama saa.
Dakika sita na nusu kandoni.
Kuvuka kwenyewe: sekunde ishirini na tatu,
parachichi moja likidondoka katikati,
naye hakugeuka kuliangalia.
Haisi ya Uyole ikalisaga.
Upande wa pili akasema "ndaga",
sijui kwa nani. Labda kwa goti.

Jioni Mwasandube akakusanya fomu.
Akajumlisha papo hapo, juu ya boneti,
midomo ikitembea kama ya mtu anayesali.
Taa zitafungwa, akasema, mwakani Mungu akipenda:
malori sekunde hamsini na tano,
watokao mjini thelathini,
waendao kwa miguu tisa.
Tisa zinatosha, kitabu kinasema.

Akafika kwenye karatasi yangu, akaigeuza.
"Hii ishirini na tatu ni nini?"
"Ni goti, mhandisi."
"Goti?"
"La mama wa parachichi."

Hakucheka. Nilitegemea acheke.
Alivua kofia, akaivaa tena,
akaenda mpaka ukingoni mwa lami
pale pale alipokuwa amesimama yule mama,
akatega saa yake ya mkononi,
akanyanyua mguu.
Akaurudisha.

Malori mawili yalipita, basi moja la Songea.
Sikuyaandika.