Tone la Ndimu

Eliseo kaja na kazi ya shule: tafuta jiwe,
lidondoshee ndimu, andika unachokiona.
Mawe yote ya Oaxaca yanamngoja nje ya mlango,
yeye kachagua ukuta wa chumba cha bibi yake.

Nilikuwa jikoni, mikono imezama katika mahindi
niliyoyalaza usiku kucha kwenye maji ya chokaa.
Humo ganda la punje hulegea, huteleza kama sabuni.
Ndivyo alkali ilivyo, huteleza kabla ya kuuma;
kucha zangu zinajua.
"Mama! Ukuta unachemka!"

Nikaja na maneno makali tayari ulimini.
Ukuta huo aliupaka mama yangu, Eufrosina,
wiki mbili kabla ya kulazwa na kifua,
kwa brashi ya mkonge na ndoo iliyopasuka mdomo,
akisema chumba cha mgonjwa hakifai kunuka ugonjwa.

Na chokaa ilitoka tanuu la baba, kule mlimani.
Crescencio alipenda kupima: kilo kumi za jiwe zaingia,
siku tatu, usiku tatu, kuni za mwaloni,
zatoka tano na ushei.
Nikidhani moto ni mwizi.
"Si mwizi," alisema. "Jiwe limetoa pumzi lililoibana
tangu lilipokuwa makombe chini ya bahari.
Sasa lina kiu."
Akalimwagia maji. Likafoka, likafura, likawa unga,
mvuke ukatupanda usoni,
na jicho lake la kushoto, lile la ukungu, halikupepesa.
Chembe moja tu ya chokaa, kabla sijazaliwa.
Tangu hapo palikaa ndoo ya maji safi kando ya tanuu,
na ole wako unawie mikono humo.

Basi chokaa ikipakwa ukutani huanza kudai ilichonyang'anywa.
Hunywa hewa ukaa, polepole, haichagui mtoaji:
paka, mshumaa, jogoo wa jirani,
basi la alfajiri liendalo Tlaxiaco,
na mwanamke mwenye mapafu mabovu
aliyelala humo siku arobaini, uso kaupa ukuta.
Kiasi gani ni chake, sijui. Hakuna mizani ya hilo.
Ila alipumua, na ukuta ukawa mgumu.
Ukawa jiwe tena.

Eliseo kadondosha tone la pili. Sikumkataza.
Vipovu vidogo, vyeupe, na sauti
kama chumvi ikimwagika juu ya karatasi.
Asidi inabisha hodi, jiwe linaachia.
Nikafanya jambo ambalo sitamwambia padre:
nikasogeza pua ukutani, nikavuta.

Ndimu. Vumbi.
Gesi hiyo haina harufu, kitabu cha mtoto kinasema,
tena ni nzito kuliko hewa, huteremka,
hukaa chini kabisa, pale zilipo ndala zake
ambazo hakuna aliyethubutu kuzihamisha.

"Niandike nini?"
Andika, panatoka povu.
"Halafu?"
Andika gesi.
"Gesi gani?"
Hiyo hiyo unayoitoa sasa hivi ukiniuliza.

Akataka tone la tatu. Nikampokonya ndimu,
nikaikamulia kwenye maharage.

Kaka yangu Tiburcio amenunua rangi ya mafuta, ya kijani,
inang'aa, unaifuta kwa kitambaa.
Amesema Jumapili. Nimemwambia asubiri
na sikumpa sababu, naye si mtu wa kuuliza.

Usiku, wote wamelala, nimechota chokaa
iliyotuama chini ya chungu cha mahindi,
nikaipaka kwa kidole juu ya madoa mawili.
Imekaa mbichi, kijivu, inateleza.
Nimevuta kiti. Nimesogeza mdomo.
Napumua.